Kanga wa Sufu

Sisi tu wakazi wa Bashay, katika nchi ya Mbulu. Mwezi huu twaleta neno juu ya kazi ndogo ifanywayo kwa mikono nyumbani, nayo ni kushona ndege wa kuchezea watoto: ndege wa kitambaa cha sufu, aliyejazwa ndani mpaka akawa mnene, akashonwa kwa sindano na uzi bila cherehani. Labda wako watakaosema, "Kichezeo ni nini hata kiandikiwe habari ndefu? Watoto na wacheze kwa udongo kama tulivyocheza sisi." Neno hilo si baya. Lakini twawasihi wasome mpaka mwisho, maana katika nyumba yetu ndege huyo alikata shauri ambalo wazee wanne walikaa siku nzima wasiweze kulikata.

Nchi yetu ni ya vilima na baridi. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti upepo huvuma tangu alfajiri, na mtoto aendaye shule hupita kando ya mashamba ya vitunguu swaumu akiwa ameificha mikono yake ndani ya sweta. Kwa hiyo sweta kwetu si pambo, ni ulinzi wa mwili. Nyingi twazinunua mnadani, katika marobota ya mitumba. Nyingine zimefumwa kwa sufu halisi ya kondoo, na nyingine kwa nyuzi zifanywazo viwandani kutokana na mafuta ya petroli, wala mtu akizitazama kwa mbali hawezi kuzitambua. Kondoo tunao wengi, lakini kondoo wetu ni wale wenye mkia wa mafuta, ambao huvaa nywele fupi, si sufu ndefu ya kusokotwa. Basi sufu katika nchi hii ni mgeni. Hutujia ikiwa imekwisha kuwa nguo.

Lakini kazi ya kushona si ngeni kabisa. Nyanya zetu wa Kiiraqw walikuwa mafundi wa sindano kabla nguo za dukani hazijazoeleka. Walilainisha ngozi, wakazishona kuwa sketi, wakazipamba kwa ushanga mwingi kwa uangalifu mkubwa. Baadhi ya sketi hizo zimewekwa katika nyumba za makumbusho, na watu husimama mbele yake wakistaajabu. Mtu asemaye kwamba kushona kwa mkono ni kazi ya kufundishwa na wageni tu hajui habari za nyanya yake.

Sasa tueleze habari ya kitambaa chenyewe. Kitambaa cha kushonea ndege wa namna hii huitwa felti. Hakifumwi kama nguo nyingine, bali ni sufu iliyoshikana yenyewe kwa yenyewe. Kila unywele wa sufu una magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho, yaliyopangwa kama vigae vya paa. Sufu ikitiwa katika maji ya moto yenye sabuni, ikasuguliwa na kukorogwa, nywele zake husogea na kuingiliana, na yale magamba hunasana. Na yakisha kunasana hayaachani tena. Hata sweta iliyokwisha kufumwa hufanyika hivyo. Hupungua sana, huwa nene na ngumu kidogo, na ukiikata kwa mkasi ukingo wake haufumuki. Pamba haifanyi hivyo, wala nyuzi za viwandani hazifanyi.

Mwenye shaka na achomoe uzi mmoja pindoni, auchome kwa kiberiti juu ya bakuli la maji. Uzi wa sufu huungua polepole, hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na majivu yake hupukutika kati ya vidole. Uzi wa kiwandani huyeyuka ukawa tone gumu kama ushanga mweusi. Uzi wa pamba hunuka kama karatasi. Jaribio hili ni dogo, tena lafaa sana darasani.

Na sasa twaeleza jambo lililotupata sisi. Miaka michache iliyopita ndugu yetu wa kike alifariki, akaacha watoto watatu: binti wa miaka 12, mvulana wa miaka 8, na mdogo wao wa kiume wa miaka 4. Baba yao alikuwa amekwisha kutangulia. Tuliwachukua kutoka upande wa Hanang wakaja kukaa nasi Bashay. Nguo za marehemu zilipogawiwa kama ilivyo desturi, binti alipewa sweta ya mama yake, sweta ya sufu ya rangi ya kijivu yenye kuelekea buluu, iliyochakaa viwiko. Hakuivaa hata siku moja. Usiku aliilalia. Na wale wadogo nao waliitaka, kwa maana ilikuwa bado na harufu ya mama yao, au wao waliona hivyo. Basi karibu kila usiku palikuwa na ugomvi. Mmoja alivuta mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, na mdogo alikaa katikati akilia.

Siku moja binti aliona kwamba sweta imechafuka, akataka kuifua vizuri kwa heshima. Asubuhi ilikuwa ya baridi kali. Akachemsha maji, akaitia sweta ndani, akaisugua kwa sabuni kwa nguvu zake zote. Alipoitoa, ilikuwa nguo ya mtoto mchanga, nene kama blanketi. Hakumwambia mtu. Aliificha nyuma ya magunia ya mahindi, na kwa siku mbili hakula vizuri. Tulipoiona na kumwuliza, alisema neno moja tu: "Nimemharibu mama."

Jambo hilo likasikiwa na jamaa, nao wakaja kuzungumza. Walikuja bibi yao, shangazi yao, baba yao mdogo kutoka Hanang, na mzee mmoja jirani tunayemheshimu. Mwanzo walisema juu ya sweta. Shangazi alisema apewe mdogo, kwa kuwa ndiye inayemtosha. Bibi alisema nguo ya marehemu isichezewe, ifungwe sandukuni mpaka watoto wawe watu wazima. Mzee jirani alisema izikwe kando ya kaburi, ugomvi uishe. Lakini baba mdogo alisema neno zito zaidi. Alisema kwamba ugomvi huu si wa sweta. Watoto hawa hawapatani kwa sababu hawajatulia, na mithali yasema kanga hazai ugenini. Afadhali wagawiwe: binti aende kwa shangazi, mvulana aende naye Hanang, mdogo abaki hapa.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu mwenye mashamba na moyo, naye alijua kwamba midomo mitatu ni mzigo kwa nyumba ya mwalimu. Lakini sisi tulipowatazama wale watoto wamesimama mlangoni, tuliona kwamba wamesikia yote. Wazee walizungumza mpaka jua likachwa, wasikubaliane. Baba mdogo akasema atarudi baada ya mavuno kusikia jawabu.

Usiku ule mmoja wetu, aliyejifunza ushonaji chuoni, aliishika ile sweta akaikunjakunja, akaona kwamba haikuharibika. Imekuwa felti, nayo ni felti njema kuliko ile iuzwayo mijini. Asubuhi tukawaambia watoto: nguo hii haiwezi kuvaliwa tena, lakini yaweza kukatwa na kushonwa kuwa ndege watatu, na kila mmoja wenu akawa na wake. Wavulana walifurahi. Binti hakujibu. Na bibi yao, aliyekuwa bado kwetu, alisikitika. Alisema kwamba kukata nguo ya maiti kwa mkasi ni kama kumkata mwenyewe.

Hatukumpinga bibi kwa maneno makali, bali tulimsimulia habari mbili. Ya kwanza yeye mwenyewe aliijua, ya Dorkasi wa Yafa, ambaye alipofariki wajane walisimama wakilia, wakaonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakuzificha, walizishika mikononi, na kwa nguo hizo walimtaja. Ya pili hakupata kuisikia. Katika milima ya Altai, kusini mwa Siberia, yako makaburi ya watu wa kale waliokuwa wapanda farasi na wachunga kondoo. Maji yaliingia makaburini yakaganda kuwa barafu, na barafu ikahifadhi vitu ambavyo mahali pengine vingekuwa vumbi. Mwaka 1949 mtaalamu wa Kirusi, Sergei Rudenko, alichimba kaburi la tano mahali paitwapo Pazyryk. Humo zilionekana sanamu za bata maji, wale ndege weupe wenye shingo ndefu. Wameshonwa kwa mkono kwa felti, na kujazwa nywele za mnyama ndani. Umri wao wapata miaka 2,300 au zaidi, nao leo wamo katika nyumba ya makumbusho ya Hermitage, katika mji wa Saint Petersburg. Hatujui aliyewashona alikuwa akiwaza nini. Lakini twajua kwamba watu wa kale walikaa chini na sindano wakashona ndege wa sufu, na kazi yao ingali ipo.

Bibi alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Ndege hao wana macho?" Tukacheka wote. Akasema, "Basi mwamuzi awe mtoto. Sweta ni yake."

Mkasi ulikaa mezani siku tatu. Siku ya nne jioni binti aliuchukua mwenyewe akakata mkono wa kushoto, ule uliokuwa umetoboka kiwiko. Alipoona kwamba ukingo haufumuki, alikata na wa kulia.

Ilibaki kuchagua ndege. Yule wa miaka 8 alitazama vipande akasema, "Hii ni rangi ya kanga." Ikawa kweli: kijivu kile cha buluu ni rangi ya kanga wa porini, na matone meupe yaweza kushonwa kwa uzi. Tena wakakumbuka kwamba mama yao kila msimu wa kupanda alikuwa akiwafukuza kanga shambani, akikimbia na kupiga debe, nao walimcheka. Hii ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kuwasikia wakimtaja mama yao kwa kucheka.

Basi twaeleza jinsi kazi ilivyofanywa, ili mwenye kupenda aifuate.

Kwanza, chora mfano wa ndege juu ya karatasi ngumu, kama ganda la daftari. Kanga ana mgongo wa mviringo, kichwa kidogo, na mkia mfupi ulioinama chini. Urefu wa kiganja cha mtu mzima watosha. Kata ubavu mmoja wa karatasi, nao utautumia mara mbili, mara ya pili ukiugeuza. Kisha kata kipande cha tumbo, chenye umbo la jani, kilicho chembamba huku na huku na kipana katikati. Kipande hiki wengi hukisahau, na ndege wao huwa bapa kama samaki aliyekaushwa, wala hawezi kusimama. Mwisho kata mabawa mawili. Weka karatasi juu ya felti, zungushia kwa chaki, ukate polepole kwa mkasi mkali.

Pili, tayarisha uzi. Uwe wa mikunjo miwili, usiozidi urefu wa mkono wako, kwa maana uzi mrefu hujifunga mafundo. Upitishe juu ya kipande cha nta ya nyuki, nao utateleza vizuri. Felti ni nene, kwa hiyo vaa subana kidoleni, la sivyo sindano itakuumiza.

Tatu, shona ubavu kwa ubavu tangu mdomo mpaka mkia, juu ya mgongo. Mshono ufaao ni ule wa kando ya blanketi: sindano huingia nusu sentimita kutoka ukingoni, na kabla hujaukaza uzi, sindano hupita ndani ya kitanzi, ili uzi ulale juu ya ukingo kama ua wa boma. Nafasi ziwe sawa. Kisha shona kipande cha tumbo, upande mmoja wote, na upande wa pili uache tundu la vidole viwili.

Nne, jaza. Kwa utumbo wa ndege tulitumia vipande vilivyobaki, tukavikatakata vidogo kabisa, pamoja na sufi ya msufi iliyotoka nchi za joto. Basi watoto wakapata mchezo wa kusema haraka: sufu nje, sufi ndani, sufu nje, sufi ndani. Tia kidogo kidogo kwa kijiti butu, ukianza na kichwa, kisha mkia, kisha tumbo. Ukitia bonge kubwa kwa mara moja, ndege atakuwa na vinundu. Mjaze kuliko unavyodhani yatosha, maana atashuka akikumbatiwa. Kisha funga tundu, ushone mabawa kwa upande wa mbele tu, ili yainuke kidogo.

Tano, matone na macho. Toa sindano juu, zungusha uzi mweupe mara mbili katika ncha yake, kisha uirudishe karibu na pale ilipotokea. Hubaki fundo dogo kama chembe ya mtama. Macho hufanywa vivyo hivyo kwa uzi mweusi. Mdomo na ndevu ndogo za kanga hukatwa katika kipande chekundu.

Tuliweka kanuni moja tu: hakuna ashonaye ndege wake mwenyewe. Binti alimshonea mdogo. Mvulana wa miaka 8 alimshonea dada yake. Ndege wa mvulana alishonwa na bibi pamoja na binti, na mdogo, asiyeweza kushika sindano, alipewa kazi ya kuwajaza wote watatu. Kwa hiyo mtu akitaka ndege wake amalizike, hana budi kumngoja ndugu yake na kusema naye kwa upole. Kila jioni baada ya chakula walikaa chini ya taa ya sola kwa muda wa saa moja. Kazi ilichukua majuma matatu. Mishono ya mvulana ilikwenda upande kama njia ya mbuzi, na sisi tulitaka kuifumua aishone upya. Binti alikataa. Alisema, "Mwacheni hivyo hivyo. Huyu ni wangu."

Ndege walipokwisha, mdogo aliuliza kwa nini kanga wake hana mayai. Hatukuwa na jawabu. Binti akatwaa soksi nyeupe ya sufu iliyokuwa haina mwenzake, akaifua kwa maji ya moto, safari hii kwa kusudi, akamshonea mayai manne, kila moja kama kidole gumba. Mdogo akayaweka chini ya kanga wake katika kikapu, karibu na kitanda.

Baada ya mavuno baba mdogo alirudi kama alivyoahidi. Mdogo alimshika mkono kabla hajakaa, akampeleka ndani kumwonyesha kikapu. Walikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikula chakula, akauliza habari za shule, akatuachia gunia la maharage kwa ajili ya watoto, akaaga. Habari ya kuwagawa hakuitaja, wala hajaitaja tena mpaka leo. Watoto wote watatu wangali nasi.

Hatusemi kwamba ndege wa kitambaa aliondoa msiba. Binti bado ana siku zake za kulia, nasi humwacha alie. Wala hatusemi kwamba ugomvi umekwisha nyumbani. Iko wapi nyumba ya watoto watatu isiyo na ugomvi? Twasema hili tu: watoto walikuwa na kitu kimoja kisichogawanyika, na kila mmoja aliogopa kunyang'anywa. Mikono yao ilipokigawa wenyewe kwa kazi na subira, waliona kwamba hakikupungua.

Sasa twataka kusema na walimu na wazazi wa kiume, maana wako wadhanio kwamba sindano ni ya wasichana peke yao. Tazameni viota vya mnana vilivyoning'inia mitini. Mwenye kuvisuka ni dume. Hufunga majani kwa mafundo ya kweli kwa mdomo wake tu, na jike akikikataa kiota, hukivunja akaanza kingine. Mvulana awezaye kushona kifungo chake na kuziba tundu la suruali yake hatakuwa mzigo kwa mtu. Na katika saa za kazi za mikono shuleni, ndege mmoja wa kitambaa hufundisha kupima, kugeuza umbo, kuhesabu nafasi, na kumaliza jambo lililoanzwa.

Wala mtu asidharau kichezeo akidhani kwamba ni kazi isiyo na matunda. Katika mji wa Giengen, Ujerumani, mwaka 1847 alizaliwa binti aliyeitwa Margarete Steiff. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu alipatwa na ugonjwa wa kupooza. Miguu yake haikufaa tena, na mkono wake wa kuume ulikuwa dhaifu, akawa mtu wa kiti cha magurudumu maisha yake yote. Hata hivyo alijifunza kushona, na mwaka 1877 akafungua duka la nguo za felti. Mwaka 1880 alishona tembo wadogo wa felti wa kuchomekea sindano, akawapa rafiki zake. Lakini watoto waliwachukua tembo wale wakawafanya wa kuchezea. Margarete hakukasirika, alielewa. Ilipofika mwaka 1886 alikuwa amekwisha kuuza tembo zaidi ya 5,000, na karakana yake ikawa kiwanda kijulikanacho duniani pote, ambacho kingalipo ingawa yeye alifariki mwaka 1909.

Na karibu nasi, katika Kenya, upande wa Njoro, tangu mwaka 1998 wanawake wa Kenana Knitters husokota sufu ya kondoo kwa mikono na kufuma wanyama wa kuchezea, nao huuzwa nchi za mbali. Basi kama kuna vikundi vya akina mama katika Mbulu na Hanang vitafutavyo kazi ya msimu wa baridi, sweta za sufu zilizoliwa na nondo, ambazo hakuna azitakaye mnadani, zaweza kuwa mali. Lakini auzaye na akumbuke kwamba mnunuzi hutazama upande wa ndani wa mshono.

Yako na maonyo machache. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu asipewe ndege mwenye macho ya ushanga au vifungo, kwa maana ataving'oa na kuvimeza. Macho ya uzi ni salama. Hesabu sindano kabla ya kuanza na baada ya kumaliza; kama ulianza na tatu na sasa ni mbili, usilale mpaka ya tatu imeonekana, na umkamue ndege kwa vidole asije akawa nayo tumboni. Ndege akichafuka, asichemshwe. Mfute kwa kitambaa chenye maji baridi na sabuni kidogo, umkaushe kivulini. Na kwa kuwa nondo hupenda sufu kuliko watu wanavyoipenda, mkung'ute mara kwa mara na kumtoa nje kwenye upepo.

Wenye kushona na watuandikie habari za ndege wao, tupate kujua ni wa namna gani. Sisi wa Bashay tumeanza kushona korongo, na miguu yake yatupa taabu. Kwaherini.